SHAMPUU YA KIPANDE: INATENGENEZWAJE, NA MFANYAKAZI APATA NINI?

Katika maduka makubwa ya Nairobi, Kampala na Kigali, na zaidi katika hoteli za watalii, siku hizi huonekana kitu kinachofanana na sabuni ya kuogea. Ni cha mviringo, kimefungwa kwa karatasi au kimetiwa katika kijiboksi, na bei yake humshtua mtu aliyezoea sabuni ya mche. Hiki si sabuni, bali ni shampuu ya kuoshea nywele iliyofanywa ngumu ili isihitaji chupa. Wanachama wetu wa viwanda vya sabuni wanauliza kama biashara hii itawapa kazi au itawanyang'anya. Wenzao wa mashamba ya michikichi na minazi wanauliza kama jasho lao limo ndani yake. Limo, tena kwa wingi, na ndiyo sababu tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa wasomaji wetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambako bidhaa hii inaanza kuingia.

(Neno "kipande" halina sifa njema masikioni mwa wazee wetu. Huko Kenya kilikuwa cheti alichovishwa Mwafrika shingoni wakati wa ukoloni, na katika mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Tunalitumia hapa kwa maana ya kipande cha sabuni tu, ingawa mwishoni tutalazimika kuzungumzia kazi ya kulipwa kwa kipande pia.)

Historia yake si ndefu. Neno shampuu lenyewe asili yake ni Kihindi, na maana yake ya kwanza ilikuwa kukanda mwili au kichwa kwa mikono. Huko Berlin, Hans Schwarzkopf alianza kuuza shampuu ya unga mwaka 1903, na mwaka 1927 kampuni yake ikatoa ya maji. Mwaka 1934 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitoa Drene, iliyotumia takaso la kutengenezwa kwa kemia badala ya sabuni. Tangu hapo chupa ikatawala. Shampuu ngumu ya namna tunayoizungumzia ilibuniwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mo Constantine pamoja na mkemia Stan Krysztal, na kampuni ya Lush, iliyoanzishwa mjini Poole mwaka 1995, ndiyo iliyoifanya ijulikane. New Zealand ilifuata mwaka 2012 kwa kampuni ya Ethique. Mwaka 2020 Garnier, ambayo ni mali ya L'Oréal, ilianza kuiuza Ulaya. Makampuni makubwa yanapoingia katika jambo lililoanzishwa na wadogo, ni dalili kwamba yameona faida.

Kwa nini watu wa Ulaya wanaipenda? Sababu inayotajwa kwanza ni plastiki. Nchi zetu wenyewe haziko nyuma katika hilo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya hairuhusu plastiki za kutumiwa mara moja, chupa zikiwamo, katika mbuga za taifa na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria itakayozuia vile vichupa vidogo vya hotelini kuanzia mwaka 2030. Mwenye hoteli anayepokea wageni kutoka huko anaona mbele, naye anatafuta kitu cha kuweka bafuni.

Sababu ya pili haitangazwi sana, nayo ni maji. Shampuu ya chupa ni maji kwa kiasi cha asilimia 80 hivi. Chukua chupa 1,000 za mililita 250 kila moja: ni lita 250, na humo karibu lita 200 ni maji matupu. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, linachoma dizeli kupeleka maji katika mji ulio kando ya Ziwa Nyanza! Aliye mbali na bandari ndiye anayelipa gharama hiyo, na watu wa Kigali na Bujumbura wanaijua vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo kipande kikavu kina maana zaidi kwa nchi zisizo na pwani kuliko kwa London.

Hata hivyo tusikubali kila kinachoandikwa kwenye karatasi. Watengenezaji wengi husema kipande kimoja ni sawa na chupa mbili au tatu. Tufanye hesabu. Chupa ya mililita 250 ina takaso lenyewe kati ya gramu 25 na 37. Kipande cha gramu 80, ambacho zaidi kidogo ya nusu yake ni takaso, kina kama gramu 48. Hiyo ni kati ya chupa moja na robo na chupa mbili. Kipande huweza kudumu zaidi kwa sababu mtu hamwagi mkononi zaidi ya anachohitaji, lakini kikiachwa kwenye maji bafuni huyeyuka bure. Na mtu wa kipato chetu, anayenunua kifuko kidogo cha shampuu kwa shilingi chache siku ya kusuka, hawezi kutoa bei ya kipande kizima kwa mara moja. Bidhaa hii, kwa sasa, ni ya mtalii na ya mwenye mshahara mnono.

Sasa tueleze tofauti yake na sabuni, maana hapa watu wengi hudanganywa. Sabuni hutokana na mafuta yaliyopikwa pamoja na kostiki soda. Kila aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni anaijua kostiki kwa makovu yake. Sabuni iliyokamilika huwa na kipimo cha pH cha 9 hadi 10, wakati ngozi ya mtu ina kama 5 na nusu. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Sabuni kali huyainua magamba hayo, na nywele hukauka, hukwaruzana na kukatika, hasa nywele zetu za kipilipili ambazo kwa asili ni kavu. Tena kuna maji ya visima, yale ambayo povu halitoki upesi. Chokaa iliyomo huungana na sabuni na kufanya utando mweupe unaoganda kichwani kama ule unaoganda kwenye beseni.

Shampuu ya kipande hutumia takaso jingine. Lililo maarufu zaidi ni sodiamu kokoili isethioneti, ambalo kwa ufupi huandikwa SCI. Wanakemia wa Ujerumani walilifahamu tangu karibu mwaka 1930, na tangu miaka ya 1950 limekuwa kiini cha kipande cha Dove. Halifanyi utando katika maji yenye chokaa, na kipande chake huweza kurekebishwa kwa asidi kidogo ya ndimu mpaka kifikie pH ya 5 au 6. Basi ukiona kipande kinauzwa kwa jina la shampuu, lakini katika orodha yake kuna mafuta na sodiamu haidroksaidi, ujue ni sabuni ya kawaida iliyobadilishwa jina. Si haramu kuiuza, lakini si kitu kimoja.

Herufi ya C katika SCI inatupeleka mashambani, maana ni nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ndiyo inayotoa povu jingi. Mawese, yale mafuta mekundu ya kulia, hayana asidi hiyo ila chembe tu. Lakini mafuta ya mise, yanayokamuliwa katika kiini cha ndani ya kokwa la chikichi, yanayo karibu sawa na nazi. Wenzetu wa Kigoma na Rumonge wamepika sabuni kwa mise miaka mingi bila kuhitaji mkemia wa kuwaeleza. Kwa kila kilo kumi za mawese zinazotoka kiwandani hupatikana karibu kilo moja ya mafuta ya mise, na viwanda vya takaso duniani hununua nazi au mise kwa kutazama bei tu. Anayepanda juu ya mnazi huko Kilifi na anayekata mikungu ya chikichi katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, wanauza katika soko moja, hata kama hawajuani.

Si mara ya kwanza povu la Ulaya kutoka katika jasho la Afrika. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipatana na serikali ya Ubelgiji kupewa ardhi ya michikichi katika Kongo, hadi hekta 750,000, na makao yake ya Lusanga yakaitwa Leverville. Watu walilazimishwa kukata mikungu ili walipe kodi. Bei ya chikichi ilipoporomoka mwaka 1931 Wapende wa Kwilu na Kwango waliasi, na mamia wakauawa na askari. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu karatasi nzuri ya kipande cha shampuu huchorwa mnazi na bahari, na haiandiki mkwezi alilipwa nini. Tangu mwaka 2004 iko jumuiya ya RSPO inayotoa cheti kwa mafuta ya michikichi, na masharti yake yanataja haki za wafanyakazi. Tunashauri matawi ya mashambani yaulize kama mwajiri wao anacho cheti hicho, maana mkaguzi anapofika anatakiwa azungumze na wafanyakazi pia, na asiye na habari hujibu salamu tu.

Mafuta ya mise hayageuki SCI hapa kwetu. Husafirishwa, huvunjwa kuwa asidi za mafuta, kisha huunganishwa na sodiamu isethioneti. Hiyo ya pili hutokana na gesi ya ethilini oksaidi, mtoto wa petroli, ambayo mashirika ya afya ya kimataifa yameiweka katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mlaji haimfikii, kwani huisha katika mchanganyiko wenyewe. Anayekuwa karibu nayo ni mfanyakazi wa kiwanda cha kemikali. Viwanda vikubwa vya kazi hii viko Ujerumani, India, China na kusini mashariki ya Asia. Takaso hurudi kwetu ndani ya magunia kupitia Mombasa au Dar es Salaam, kwa bei isiyolingana hata kidogo na ile ya mafuta yaliyoondoka. Kwa hiyo neno "asilia" linaloandikwa juu ya kipande ni kweli nusu. Mnazi umo, na kisima cha mafuta kimo pia.

Kazi inayoweza kufanyika katika nchi zetu, na ambayo karakana ndogo zimeianza, ni kutengeneza kipande chenyewe. Takaso hupimwa kwenye mizani, huwa nusu ya mchanganyiko au zaidi. Huongezwa betaini ya nazi, ambayo ni ya majimaji na hulainisha povu. Mchanganyiko hupashwa moto kiasi cha nyuzi 70 hadi 80 mpaka uwe kama ugali mzito. Hutiwa siagi ya kakao au ya shea, na kwa shea Uganda ya kaskazini ina ya aina bora. Baada ya kupoa kidogo hutiwa asidi, manukato na dawa ya kuzuia kuoza, kisha hushindiliwa katika kalibu kwa mkono au kwa mashine, na kuachwa siku moja au mbili kikauke. Sabuni ya kupikwa bila moto hukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa, kwa hiyo mwenye karakana ya shampuu huzungusha fedha zake upesi zaidi.

Kiwanda kikubwa cha sabuni chaweza kutumia mitambo yake ile ile: kichanganyio, mashine ya rola tatu, mashine ya kusukumia mche, kisu na kipiga chapa. Ila mchanganyiko huu hunata kuliko sabuni, na kalibu ya chapa hulazimika kupozwa. Hapo tuonye. Kinachonata humshawishi mfanyakazi kuingiza mkono kukibandua, na vidole vingi vya wafanyakazi wa sabuni vimepotea kati ya rola na chini ya chapa. Mtambo uzimwe kwanza, na kizuizi kisiondolewe ili kuharakisha kazi.

Lakini hatari kubwa zaidi haina kelele. Ni vumbi. SCI ni pole kwa ngozi ikiwa ndani ya maji, na sifa hiyo hufanya wasimamizi wadhani ni pole kwa kila namna. Unga wake mkavu, ukimwagwa kutoka gunia hadi kwenye mizani, huruka kama unga wa muhogo, huwasha pua, koo na macho, na huleta chafya na kikohozi. Unga wa takaso jingine, sodiamu lorili salfeti, ambao wengine huuchanganya kwa sababu ni rahisi, ni mkali zaidi. Mama mmoja anayefanya kazi katika karakana ya namna hii alitueleza kwamba hufunga khanga puani, na jioni hutoka povu puani akinawa uso. Tunaamini, maana hiyo ndiyo kazi ya takaso: likipata maji hutoa povu, popote maji hayo yalipo.

Yuko atakayesema kwamba vumbi la sabuni halimdhuru mtu. Tumjibu kwa jambo lililotokea. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Uingereza vilianza kutia vimeng'enyo katika sabuni ya unga ili kuondoa madoa ya damu na chakula. Wafanyakazi wakaanza kubanwa kifua. Mwaka 1969 Daktari Flindt aliandika habari zao katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, akaonyesha kwamba walikuwa wakivuta vumbi la vimeng'enyo na kupata maradhi ya mapafu. Tiba haikuwa kuwapa wafanyakazi vitambaa vya pua. Viwanda viliacha unga mwepesi, vimeng'enyo vikafungwa ndani ya punje zisizoruka, na mashine za kufyonza hewa zikawekwa pale pale vumbi linapotoka. SCI si kimeng'enyo, na hatusemi italeta ugonjwa ule ule. Tunasema dawa ya vumbi imekwisha kujulikana zaidi ya miaka 50.

Nayo ni rahisi kuliko waajiri wanavyodai. SCI huuzwa kwa sura tatu: unga, mabamba madogo, na vijiti kama tambi zilizokatwa. Mabamba na tambi hazirushi vumbi kama unga, ingawa huchukua muda zaidi kuyeyuka. Mwajiri anayenunua unga ili apunguze nusu saa ya kupasha moto ameokoa nusu saa yake kwa pua ya mfanyakazi. Kama unga hauepukiki, upimwe chini ya kifyonza hewa, gunia lifunguliwe taratibu, pipa lifunikwe, na sakafu isifagiliwe kikavu. Kinyago kiwe cha kuchuja vumbi, si kitambaa. Manukato nayo huleta upele wa mikono kwa baadhi ya watu, na ukishaanza hurudi kila mara, kwa hiyo glavu ni za kila siku, si za siku ya mgeni.

Kila gunia la kemikali hutakiwa kuwa na karatasi ya maelezo ya usalama kutoka kwa aliyeitengeneza. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kupata habari hizo, na ana haki ya kujiondoa penye hatari ya karibu na kubwa bila kuadhibiwa. Wapo waajiri watakaosema nchi yao haijautia saini. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, iwe imetia saini mkataba fulani au haijatia. Wajumbe wa kamati za kazi waikariri tarehe hiyo.

Je, kazi zitaongezeka au zitapungua? Kwa jumla ya dunia, chupa zikipungua, walio katika mitambo ya kupuliza chupa, kujaza na kubandika nembo watapungukiwa. Kwa nchi zetu jambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa shampuu nyingi za chupa huletwa kutoka nje, na kipande chaweza kutengenezwa hapa bila mtambo wa mamilioni. Tunaliona hilo kuwa jema. Lakini karakana nyingi zitakuwa na watu watano au kumi, wengi wao akina mama, bila mkataba wa maandishi na bila tawi la chama. Huko ndiko waandaaji wetu waelekee, badala ya kungoja kiwanda kikubwa kijengwe.

Huko pia ndiko malipo ya kipande yanakostawi. Mfanyakazi hulipwa kwa idadi ya vipande vilivyoshindiliwa na kufungwa, na vilivyopasuka au kumeguka hukatwa katika malipo yake. Makato hayo hayana msingi, na mjumbe anayekwenda mezani ajue sababu.  Kipande cha shampuu kilichopasuka hurudishwa katika sufuria, hupashwa moto, huongezwa matone ya manukato yaliyoruka, na kushindiliwa tena siku hiyo hiyo. Kinachopotea ni moto kidogo na dakika chache. Tena mara nyingi kupasuka hutokana na mchanganyiko kuwa mkavu mno au kupozwa haraka, na vyote viwili huamuliwa na aliyepima na kuwasha jiko, si na mikono iliyoshindilia. Mjumbe aombe daftari la vipimo la siku hiyo. Kama daftari halipo, basi hakuna cha kumkatia mtu.